Stima Badala ya Petroli: Je, Pikipiki ya Kuchaji Nyumbani Inatufaa Sisi wa Tana?



Katika toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo limeanza kuulizwa katika mikutano ya vikundi. Vijana wetu wakienda Mombasa au Nairobi wanaziona pikipiki zisizonguruma wala kutoa moshi. Wanarudi nyumbani na swali: "Kikundi chetu kikitoa akiba yake kununua moja ya hizi, tutapata faida, au tutapata chuma cha kulalia kuku?"

Swali hili lisidharauliwe. Pesa ya kikundi ni pesa ya jasho. Ni shilingi za mama aliyeuza maembe kando ya barabara pale Minjila, za mzee aliyeuza mbuzi, za kijana aliyelima mpunga. Zikipotea, pamoja nazo hupotea imani ya watu kwa kikundi chao. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili polepole, pamoja na hesabu yake, ili kila kikundi kiamue chenyewe.

Sababu ya swali tunaijua sote, ni bei ya petroli. Mnakumbuka Septemba 2023, lita moja ya petroli ilipita KSh 200 hata kule Nairobi. Hapa kwetu, mwenye boda akinunua kwa chupa kijijini hulipa zaidi ya bei ya pampu. Petroli ikipanda, nauli inapanda, na mama mjamzito wa kijijini anayetaka kufika hospitali ya Ngao ndiye anayeumia.

PIKIPIKI HII NI KITU GANI HASA?

Pikipiki ya petroli ina injini inayochoma mafuta. Ndani yake kuna moto mdogo mdogo unaosukuma vyuma. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa ekzosi unaungua. Tukisema kwa lugha ya pesa, katika kila KSh 100 za petroli, kama KSh 25 tu ndizo zinazozungusha gurudumu. Zilizobaki zinapasha hewa joto, nasi wa Garsen joto tunalo la kutosha.

Pikipiki ya umeme haina injini ya namna hiyo. Ina vitu vitatu vikubwa: betri, mota, na kifaa kidogo kinachopima umeme uende kiasi gani. Ukikaza mkono, umeme hutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, na mota inazunguka. Zaidi ya KSh 80 katika kila KSh 100 za umeme ulio kwenye betri hufika kazini. Haina oili ya injini, haina plagi ya kuwasha moto, haina kabureta. Breki, matairi, taa na bearingi zipo kama kawaida, na hizo zitaendelea kuwalisha mafundi wetu.

Betri yake ni ya lithiamu, ndugu mkubwa wa ile iliyo ndani ya simu yako. Betri ya pikipiki nyingi hubeba umeme wa kama uniti 3, yaani zile uniti unazonunua kwa tokeni. Hiyo ni sawa na kujaza simu 200 hivi kwa siku moja. Ikijaa, inakupeleka kilomita 60 hadi 75 kulingana na mzigo, barabara na mwendo. Ukibeba abiria wawili na gunia la mahindi kwenye mchanga, usitarajie kilomita 75.

Hapa tukumbuke tofauti moja muhimu sana, maana wengi huichanganya. Kuna mipango miwili ya betri:

Mpango wa kwanza ni wa kubadilishana. Wewe unanunua pikipiki, lakini betri ni ya kampuni. Ikiisha unakwenda kwenye stesheni, unaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Kampuni kama Ampersand na Spiro hufanya kazi hivi katika miji mikubwa. Ni mpango mzuri kwa mtu wa mjini, kwa sababu anamaliza kwa dakika chache.

Mpango wa pili ni wa kuchaji mwenyewe. Betri ni yako, unaitoa, unaibeba hadi ndani na kuichomeka kwenye soketi. Pikipiki za Roam, zinazoundwa Nairobi, zina betri ya namna hii.

Kwa mtu wa kijijini, tofauti hii ndiyo inayoamua mambo. Pikipiki ya kubadilishana betri ikiletwa mahali pasipo na stesheni, betri ya kwanza ikiisha safari imekwisha. Kwa hivyo swali la kwanza kabisa kwa muuzaji ni hili: "Betri hii ni ya nani, na naweza kuichaji kwangu?"

UMEME WENYEWE UNATOKA WAPI?

Wengine husema kwamba kuhama kutoka petroli kwenda stima ni kuhamisha moshi tu, kutoka kwenye ekzosi kwenda kwenye kiwanda cha umeme. Katika nchi nyingine ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kenya sivyo. Kama sehemu tisa katika kumi za umeme unaozalishwa nchini hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwenye maji, upepo na jua.

Na maji hayo ni yepi? Mengi ni haya haya ya Mto Tana. Kabla hayajafika Hola na Garsen, maji yetu hupita katika mabwawa matano: Kindaruma (lilianza 1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kila bwawa linayazungusha katika mashine zake na kuyaachia yaendelee na safari. Wazee wetu wanaolima kando ya mto wana mengi ya kusema kuhusu jinsi mabwawa hayo yalivyobadilisha mafuriko waliyoyazoea, na wana haki ya kuyasema. Lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba mto uliotulisha miaka yote umekuwa ukiwasha taa za Nairobi kwa muda mrefu kabla haujawasha taa zetu. Siku hizi njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Kwa hivyo waliofikiwa na nyaya wanaweza nao kuonja matunda ya mto wao.

Petroli, kwa upande mwingine, yote inatoka nje ya nchi kwa meli na kulipwa kwa dola. Vita vikizuka mbali, sisi tunalipa hapa.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Mweka hazina alete daftari. Hesabu yetu ni ya mfano. Bei za kwenu zikiwa tofauti, futeni zetu muandike zenu. Njia ya kupiga hesabu ndiyo tunayotaka muishike.

Tuseme boda mmoja anakwenda kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi.

Ya petroli: Lita moja inampeleka kama kilomita 40. Kilomita 60 zinataka lita moja na nusu. Petroli ikiwa KSh 180 kwa lita, analipa KSh 270 kwa siku.

Ya umeme: Kilomita 60 zinataka karibu uniti 3, tukihesabu pia kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji. Tokeni ikiwa KSh 28 kwa uniti pamoja na kodi zote, analipa KSh 84 kwa siku.

Tofauti: KSh 186 kwa siku. Hapo wengi hupiga makofi na kufunga daftari. Ngojeni kwanza!

Betri huzeeka. Hakuna betri ya milele. Tuseme betri mpya ni KSh 90,000 na itafaa kuchajiwa mara 1,500 kabla ya kuchoka. Mara 1,500 kwa kilomita 60 ni kilomita 90,000. Maana yake kila kilomita moja inakula shilingi moja ya betri. Mwenye pikipiki asiyeweka shilingi hiyo kando atafika siku ya kununua betri akiwa mikono mitupu. Kwa hivyo, kwa kilomita 60, tuweke KSh 60 kwenye sanduku la betri kila siku.

KSh 186 ukitoa KSh 60, inabaki KSh 126 kwa siku. Kwa siku 25 ni KSh 3,150 kwa mwezi. Kama pikipiki ya umeme imezidi ile ya petroli kwa KSh 60,000 katika bei ya kununua, itachukua karibu miezi 19 kurudisha tofauti hiyo. Baada ya hapo ndipo faida halisi inaanza. Hatukuhesabu oili na vipuri vya injini ambavyo hutanunua tena, na hivyo vitaufupisha muda huo kidogo.

Sasa tumwangalie mtu mwingine. Huyu ni mwalimu au mfanyakazi wa ofisi anayekwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, basi. Yeye faida yake ni thuluthi moja tu: KSh 42 kwa siku, KSh 1,050 kwa mwezi. Kurudisha KSh 60,000 kutamchukua karibu miaka mitano.

Mnaona? Umeme humlipa haraka yule anayetembea sana. Anayetembea kidogo anaweza kuipenda kwa ukimya wake na kwa kutopanga foleni ya petroli, lakini asidanganywe kwamba atatajirika nayo.

Na yule anayetembea kilomita 120 kwa siku? Yeye faida yake ni kubwa zaidi, lakini betri moja haimtoshi. Itabidi achaji mchana, au awe na betri ya pili, na hiyo ni gharama ya kuongezwa kwenye hesabu. Tena jueni kwamba kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Betri moja haikufikishi. Pikipiki hii ni ya kuzunguka karibu na nyumbani: sokoni, shuleni, zahanati, Minjila, Tarasaa, halafu unarudi kulala.

KUCHAJI NYUMBANI BILA KUCHOMA NYUMBA

Hapa tunaomba msome polepole, na yule asiyejua kusoma asomewe. Tokeni unaweza kununua tena, lakini mtoto hanunuliwi.

Chaja ya pikipiki yenyewe si mzigo mkubwa. Nyingi huvuta wati 600 hadi 800, chini ya birika la umeme au pasi ya nguo. Tofauti ni kwamba birika unaliwasha dakika tano, na chaja inafanya kazi saa nne au tano mfululizo, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Soketi iliyolegea, ambayo haionyeshi ubaya kwa dakika tano, inaweza kuyeyuka kwa saa tano.

Kwa hivyo fuateni mambo haya:

1. Iteni fundi wa stima mwenye leseni aangalie nyaya kabla ya kununua pikipiki. Aangalie kama kuna waya wa ardhini, ule unaoshuka hadi kwenye chuma kilichozikwa nje ya nyumba, na kama ile swichi inayojikata yenyewe inafanya kazi.

2. Chaja ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Msitumie ekstensheni, hasa zile nyembamba zenye mashimo sita, ambapo kuna redio, simu tatu na friji. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo hupata joto.

3. Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi kwa nje. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa ya moto hata mkono unakataa, zima ukutani, chomoa, na umwite fundi.

4. Msichaji chini ya makuti. Tunajua nyumba zetu nyingi zina paa la makuti au la majani. Cheche moja inatosha. Tafuteni mahali penye ukuta wa matofali au mawe na paa la mabati, sakafu ya saruji, pasipo na magodoro, petroli wala magunia karibu.

5. Msichaji kwenye mlango wa pekee wa kutokea. Betri ya lithiamu ikishika moto, moto wake ni mkali na moshi wake ni sumu. Si jambo la kila siku, lakini likitokea watu wapate njia ya kukimbia. Usijitie ushujaa wa kuizima. Toa watu kwanza.

6. Tumieni chaja iliyokuja na betri, si nyingine. Kichwa kinaweza kuingia vizuri na bado umeme wake usiwe sawa. Chaja ya jirani mwenye pikipiki ya kampuni nyingine si chaja yako.

7. Na ile stima ya kuvuta kwa jirani kwa waya uliopita juu ya ua au chini ya mchanga? Hapana. Hiyo ni kinyume cha sheria, na mbuzi au jembe likiukata waya huo mtazika mtu.

Kama kikundi kina pikipiki kadhaa, ni afadhali kujenga kibanda kimoja cha kuchajia, cha matofali na mabati, chenye mita yake. Katika ratiba ya bei za umeme iliyoanza Aprili 2023 kuliwekwa bei maalum kwa ajili ya kuchaji magari na pikipiki za umeme: KSh 16 kwa uniti, na nusu yake, KSh 8, katika saa za usiku ambazo watu hawatumii stima kwa wingi. Hizo ni kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Bei hiyo haipatikani kwa mita ya kawaida ya nyumbani. Inataka mita yake na ina masharti ya kiasi cha matumizi, kwa hivyo ulizeni ofisi ya Kenya Power juu ya masharti na bei za wakati huo kabla hamjajenga.

STIMA IKIPOTEA JE?

Hili si swali la kubuni. Sote tunajua stima hupotea, na wakati mwingine si kwetu tu. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Mwenye kutegemea stima peke yake siku hiyo alitegemea alichokuwa nacho kwenye betri.

Dawa ya kwanza ni mazoea. Usingoje betri ifike mwisho. Ukirudi nyumbani ikiwa nusu, ichaji, maana hujui kesho. Dawa ya pili ni kupanga zamu. Kikundi kisihamishe pikipiki zake zote kwenye umeme kwa siku moja. Ikiwa mnazo tatu, moja iwe ya umeme na mbili zibaki za petroli mpaka mjifunze. Mgonjwa wa usiku hangoji stima irudi.

Wengine watasema: "Si jua tunalo?" Ni kweli, jua tunalo la kutosha. Lakini tusichanganye mambo. Ile sola ndogo ya nyumbani, ya taa tatu na kuchaji simu, haiwezi kazi hii. Ni kama kujaza pipa kwa kijiko.

Hesabu ni hii. Paneli moja kubwa ya wati 400, kwa jua zuri la kama saa tano, inatoa uniti 2 kwa siku. Ukitoa kinachopotea njiani, kwa joto na vumbi, inabaki kama uniti moja na robo hadi moja na nusu. Kuijaza betri ya uniti 3 kila siku kunataka paneli tatu za namna hiyo, pamoja na kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe wa volti 240. Na kuna fundo lingine: jua linawaka mchana, wakati boda yuko kazini. Usiku akirudi, jua limekwenda. Kwa hivyo anahitaji betri mbili za pikipiki, moja inafanya kazi huku nyingine inachajiwa, au betri kubwa za kuhifadhi nyumbani. Yote yanawezekana, lakini ni pesa nyingi. Kikundi chenye paneli za pampu ya kunyunyizia shamba kinaweza kumwita fundi na kuuliza kama siku ambazo pampu haifanyi kazi umeme ule unaweza kusaidia. Hiyo ni njia ya kutumia kilichopo.

JOTO, MATOPE NA MAFURIKO

Kwetu si Uswidi wala Uchina. Betri ina adui wawili hapa, na wote tunaishi nao.

Adui wa kwanza ni joto. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa na joto kali huzeeka haraka. Ukifika nyumbani saa nane mchana kutoka safari ndefu, usiichomeke papo hapo. Iweke kivulini, ipoe nusu saa au saa nzima, ndipo uichaji. Usiku ndio wakati mzuri: ni baridi kidogo na hujambo barabarani. Usiiegeshe pikipiki juani kutwa kama mwembe upo karibu. Na ukisafiri wiki kadhaa, usiiache betri imejaa kabisa wala imeisha kabisa. Iache nusu, mahali penye kivuli na pakavu.

Adui wa pili ni maji. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa watu wengi wa kaunti yetu majumbani mwao, na wazee wanakumbuka yale ya El Niño ya 1997 na 1998. Pikipiki hizi zimezibwa vizuri kwa mvua na madimbwi, lakini kuzibwa kwa mvua si ruhusa ya kuogelea. Msivuke maji yanayokwenda kasi kwa pikipiki ya aina yoyote. Onyo la mafuriko likitolewa, betri na chaja ziwe kati ya vitu vya kwanza kupandishwa mahali pa juu. Betri ni kama kilo 20, mtu mmoja anaibeba. Na ikiwa imelala ndani ya maji, msiichaji hata kama imekauka kwa nje. Iwekeni nje, mbali na nyumba, mpaka fundi aliyefunzwa aifungue. Maji yaliyoingia ndani hayaonekani, na moto wake unaweza kuja siku kadhaa baadaye.

Udongo wetu mweusi wa bonde nao mnaujua. Ukilowa unashika gurudumu kama gundi. Mota italazimika kuvuta kwa nguvu, na betri itaisha upesi. Siku ya matope, hesabu nusu ya umbali wako wa kawaida.

NA MAGARI JE?

Kikundi kingine kinafikiria gari badala ya pikipiki, na wameambiwa habari za gari la haibridi la kuchomeka. Tulieleze kwa ufupi.

Gari hili lina mioyo miwili: injini ya petroli, na mota yenye betri inayochajiwa kwenye soketi. Safari fupi linakwenda kwa stima peke yake. Betri ikiisha, injini ya petroli inachukua kazi, nawe huachwi njiani. Mfano unaojulikana ni Toyota Prius ya kuchomeka. Ile ya kwanza ilikuwa na betri ya uniti 4.4, na ile iliyofuata uniti 8.8, inayotosha kama kilomita 40.

Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku na kusafiri Malindi mara moja kwa mwezi, wazo lake ni zuri: siku za kazi stima, siku ya safari petroli. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, asiyelichaji kila usiku amenunua gari zito la petroli lenye betri ya kubebwa bure. Faida yote iko katika nidhamu ya kuchomeka. Pili, chaja ya gari huvuta wati 2,000 au zaidi kwa saa kadhaa, karibu mara tatu ya ile ya pikipiki, kwa hivyo lipate soketi yake na waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu. Gari likitoka Japani, soma maandishi ya chaja yake. Kule hutumia volti 100 na 200, hapa ni 240, na kichwa cha plagi ni tofauti. Chaja ya volti 100 ukiichomeka hapa utaiunguza. Tatu, magari mengi ya namna hii yako chini chini. Njia ya kwenda mashambani itayakwangua tumbo, na betri kubwa inataka fundi aliyefunzwa, si yeyote mwenye spana, kwa sababu umeme wake unaweza kuua.

Kwa vikundi vingi vyetu tungesema pikipiki ianze, gari lingoje.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Muuzaji akija na karatasi, mwulizeni haya mbele ya wanachama wote, na majibu yaandikwe:

- Betri ni yetu au ya kampuni? Tunaweza kuichaji wenyewe?
- Dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, au kilomita ngapi? Na dhamana inasema nini betri ikipungua nguvu bila kufa?
- Betri mpya leo ni bei gani?
- Fundi wenu wa karibu yuko wapi? Ikiwa ni Mombasa, nani analipa kuipeleka?
- Tukichelewa malipo ya mkopo, mnaweza kuizima pikipiki kutoka mbali? (Baadhi ya pikipiki za mkopo zina kifaa hicho. Isije ikazimwa imebeba mgonjwa.)
- Jumla ya mkopo wote mpaka mwisho ni shilingi ngapi? Msidanganywe na "mia nne tu kwa siku". KSh 400 kwa siku kwa miaka miwili ni KSh 292,000.

Muuzaji mwema hatakasirika kwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha kuwajibu.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano wenu ujao, jadilianeni haya:

1. Boda wa kijiji chetu anatembea kilomita ngapi kwa siku kweli? Mwambieni mmoja aandike kwa wiki mbili, kila jioni, pamoja na petroli aliyonunua.
2. Stima ilipotea mara ngapi katika wiki hizo mbili, na kwa saa ngapi?
3. Ni nyumba ipi katika kikundi inayofaa kuchajia, na nani atashika ufunguo?
4. Nani atatunza sanduku la betri, na nani atalikagua?
5. Mafuriko yakija, pikipiki na betri zitapelekwa wapi?

Mkiwa na majibu ya maswali haya matano, mtajua kama ni wakati wenu au bado. Kikundi kitakachosema "bado" baada ya kupiga hesabu kimefanya kazi nzuri sawa na kile kitakachosema "tuanze". Kile tunachokiogopea ni kikundi kitakachonunua kwa sababu jirani amenunua.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitoboka chini hakijai. Zibeni matundu kwanza. Tuandikieni hesabu zenu mkishazipata, ili vikundi vingine vijifunze kutoka kwenu.